Barua Ndani ya Sanduku la Mama

Bahasha ile niliiweka sandukuni kwa mkono wangu mwenyewe. Nalisema hili mwanzo kwa sababu ndugu zangu wakisimulia habari ya mdogo wangu huanza na msumeno, au huanza na bosi, na mimi huniacha pembeni kama mtu aliyekuwa jikoni. Sikuwa jikoni. Nilikuwa chumbani kwa mama, nimepiga magoti, na ufunguo ulikuwa wangu.

Mdogo wangu alifanya kazi miaka tisa kwenye kiwanda cha mbao pale Mtendeni, Tabora mjini. Kukiita kiwanda ni kukipa sifa. Ni banda la mabati lenye msumeno wa meza, mashine ya randa, na uwanja wa kupangia mbao za mninga. Tulikaa pamoja Itetemia, kwenye nyumba niliyoachiwa na marehemu mume wangu. Jioni alirudi na kiroba cha maranda kwa ajili ya vifaranga wangu, na maranda mengine kichwani, nami nilimwambia avue shati nje kabla hajaingia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kila siku. Sikujua kama ni mazungumzo mpaka yalipokoma.

Msumeno ule ulikuwa na bati la kukinga meno yake. Lilifunguliwa mwaka mmoja kabla, kwa sababu lilichelewesha mbao nene, na hakuna aliyelirudisha. Asubuhi moja mbao yenye kifundo ilirushwa na msumeno, mkono wake wa kulia ukavutwa. Alipoteza kidole cha shahada, cha kati, na nusu ya gumba. Mwenzake mmoja alipekua maranda akakipata kidole kimoja, akakifunga kwenye leso akakileta hospitali. Nesi alimwambia kwa upole kwamba hakitafaa tena. Akabaki amesimama nacho ukumbini. Sijui alikipeleka wapi, na sikuwahi kumwuliza.

Bosi alilipa gari la kumfikisha hospitali. Kesho yake alikuja wodini na machungwa, akakaa kitandani miguuni pake.

"Kaa nyumbani upone, kijana," alimwambia. "Kazi ipo. Kazi haina miguu, haiendi popote."

Tulimshukuru sana. Alipotoka hospitali mdogo wangu alipewa karatasi ya daktari ya kumpumzisha kazi, akaipeleka mwenyewe kwa karani wa kiwanda, ameishika kwa mkono wa kushoto. Karani akaiweka mezani chini ya jiwe, maana banda lile lina upepo. Hatukutoa nakala. Nani angefikiri kutoa nakala ya karatasi ya kusema mkono umekatika, na mkono wenyewe unaonekana?

Mwezi ulikwisha, akaendelea kwenda kusafisha kidonda. Katika wiki ya tano mama yetu alifariki huko Lusu, upande wa Nzega, alikozaliwa baba na tulikozaliwa sote. Alikuwa akianika mpunga, akasema anasikia baridi, akaingia ndani kulala. Ndivyo nilivyoambiwa kwenye simu. Nilijibu, "Sawa," kama mtu aliyeambiwa maji yamekatika.

Bosi alitupa gari lake la kubebea mbao litupeleke, na siku ya maziko akaja mwenyewe na karani wake. Alivua viatu, akakaa mkekani na wanaume. Gunia la mchele alilileta yeye. Ninaandika haya kwa sababu ni kweli, ingawa mengine yatakayofuata yatamfanya msomaji asimpende. Alikaa mkekani.

Sikulia. Mimi ni mkubwa, na mkubwa msibani hupewa kazi ya kujua vitu viko wapi. Nilijua sufuria zimeazimwa kwa nani, nilijua maturubai ya kanisa yatarudi lini. Waombolezaji waliponikumbatia niliwapigapiga mgongoni wao.

Utani tu ndio ulionigusa kidogo. Pale Lusu yupo fundi baiskeli, Mgogo, mtani wetu tangu zamani, na mtani kwetu ana ruhusa ya kutucheka hata kaburini. Alimwona mdogo wangu amekaa na mkono uliofungwa bandeji nyeupe, ameuegemeza kifuani.

"Huyo mtoto umemzaa lini?" akamwuliza kwa sauti. "Mnyonyeshe basi, analia!"

Watu wakacheka. Mdogo wangu naye akacheka.

"Anakuogopa wewe, Mgogo. Hajawahi kuona mtu mwenye kiu kama wewe."

"Kiu? Babu zenu walipita kwetu na meno ya tembo ya watu begani, wakalia maji mpaka tukawauzia ya kuoshea punda. Leo mnafiwa, mnatunyima hata chai."

Nilimpelekea chai. Nilipokuwa namimina, karani alimkaribia mdogo wangu, akainama, akampa bahasha ya kaki iliyofungwa vizuri.

"Hii ni yako, kutoka ofisini," alisema. "Poleni sana." Akaondoka upesi kuelekea garini.

Kwetu mtu akikupa bahasha msibani huifungui mbele yake. Unasema ahsante, basi. Kuifungua ni kama kumpima. Na mdogo wangu hangeweza kuifungua hata angetaka, kwa mkono ule. Akaninyooshea.

"Dada, nitunzie."

Niliipapasa. Ilikuwa nyembamba. Nikadhani ni rambirambi ya wenzake wa kazini, nikasema moyoni itatufaa kwenye chakula cha arobaini. Wakati huohuo shangazi, dada yake baba, alikuwa akiniita chumbani kwa mama. Ilikuwa saa ya kufunga sanduku.

Hili nalieleza kwa wasiotujua. Mama alikuwa na sanduku la bati la bluu, lenye vitenge vyake, kitabu chake cha nyimbo za kanisani, na vitu vidogo vya mwanamke mzee. Katika ukoo wetu sanduku la marehemu hufungwa siku ya maziko mbele ya watu, na halifunguliwi mpaka siku ya arobaini, vitu vinapogawiwa. Atakayelifungua kabla ataitwa mwenye haraka ya kurithi, na jina hilo halitoki. Ufunguo hupewa mtoto mkubwa, ili ajaribiwe.

Nilikuwa na bahasha mkononi na watu wananitazama. Niliiweka juu ya vitenge. Shangazi akafunga kifuniko, mimi nikazungusha ufunguo, nikautia kwenye kamba shingoni.

Tulirudi Itetemia, sanduku likabaki Lusu kwa shangazi. Mdogo wangu aliniuliza mara moja tu.

"Dada, ile bahasha ilikuwa na nini?"

"Imo kwa mama. Tutaiona arobaini."

"Haya."

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu. Nzega si mbali, kwa basi unakwenda asubuhi na kurudi jioni. Ningemweleza shangazi, angenuna, lakini ningefungua. Lakini nilifikiria maneno ya watu, na nilifikiria kwamba pesa haiozi. Siku zikapita. Nilikuwa naamka, nafagia, nalisha vifaranga. Maranda yaliisha, nikaanza kuwatandikia majani makavu. Mdogo wangu alijifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono wa kushoto. Wiki moja alikwenda kazini kusalimia, akarudi mapema. Akaniambia kwamba kuna mtu mwingine kwenye msumeno, na karani alimkwepa.

"Labda ni wa muda," nilimwambia.

"Labda."

Arobaini ilifika. Baada ya sala na chakula tulikaa chumbani, shangazi kwenye kigoda, wanawake wa ukoo sakafuni, wanaume mlangoni, na yule mtani Mgogo katikati yao akidai kitenge kimoja kwa kuwa eti mama alikuwa mchumba wake. Nilifungua sanduku. Harufu ya mama ilitoka, sabuni na tumbaku kidogo. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu. Sikusikia.

Bahasha ilikuwa juu.

"Ee, rambirambi imelala na mwenyewe!" shangazi alisema. "Fungua, soma, watu wajue nani katukumbuka."

Nikafungua kwa heshima, mbele ya ukoo mzima, nikaanza kusoma kwa sauti. Nimesoma mpaka darasa la saba, nasoma vizuri. Barua ilianza na salamu za ofisi. Ikasema kwamba mfanyakazi tajwa hakuonekana kazini kwa muda mrefu bila taarifa wala ruhusa. Ikasema kwamba kwa sababu hiyo ameachishwa kazi kwa kosa la utoro. Nilipofika kwenye neno hilo nilinyamaza.

"Soma basi," shangazi alisema. Hakuelewa.

"Imeandikwa utoro," nikasema.

Kwetu Unyamwezini neno hilo lina uzito ambao huenda mahali pengine halina. Baba wa babu yetu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kwenda pwani na kurudi kwa njia hii ya zamani inayopita Tabora. Babu alitusimulia kwamba mpagazi akifa njiani alizikwa na kuliliwa, akiumia mguu aliachwa kambini na chakula chake, lakini aliyetupa mzigo porini na kukimbia aliitwa mtoro, na wimbo wake uliimbwa mpaka kwao, mpaka mama yake akashindwa kwenda kisimani. Tulikua tukisikia hivyo. Mtu wa kwetu anaweza kuitwa mjinga akacheka, si mtoro.

Mdogo wangu alikuwa anautazama mkono wake. Ndipo yule Mgogo akasema kutoka mlangoni, taratibu, bila kelele zake za kawaida:

"Mtoro? Aliyetoroka akaacha vidole kazini? Basi vikaulizwe vile vidole."

Hakuna aliyecheka, na nadhani hakutaka tucheke.

Jumatatu tulikwenda Mtendeni kwenye duka la mama mmoja anayechapa barua na kujaza fomu za watu. Amekaa karibu na ofisi za serikali miaka mingi, anajua mlango gani unafuata upi. Aliisoma barua, akaangalia tarehe, akavua miwani.

"Mliipata lini hii?"

Nikamwambia.

"Jamani. Mtu akifukuzwa kazi ana siku thelathini kupeleka shauri lake kwenye usuluhishi. Thelathini tu. Nyie mko arobaini na tatu." Akageuza barua nyuma na mbele. "Alisaini mahali kwamba kaipokea?"

"Hakusaini. Mkono ulikuwa umefungwa."

"Kuna daftari la karani alilosaini?"

"Hakuna."

"Basi mmeipata juzi." Alishika kalamu. "Dada yangu, usinitazame hivyo. Wao wamesema uongo mkubwa, wewe sema huu mdogo. Mmeipata juzi, shauri linaingia bila maswali. Mkisema mliipata siku ile, itabidi muombe kuongezewa muda, mtoe sababu, muape, na wanaweza kukataa. Wakikataa, huyu anabaki mtoro maisha yake yote. Hakuna kiwanda kitakachomchukua na barua hii."

Nilimtazama mdogo wangu. Shauri lilikuwa lake, vidole vilikuwa vyake.

"Dada, aliyepewa ni mimi, aliyeiweka ni wewe," alisema. "Sema wewe."

Ningependa kuandika kwamba nilifikiria haki. Sikufikiria. Nilichoka tu, na niliona kwamba nikisema juzi nitalazimika kuifuta siku ya maziko ya mama, kana kwamba haikuwepo, kana kwamba sikuzungusha ule ufunguo. Sikuwa na nguvu za kubeba jambo ambalo kila mara ningepaswa kukumbuka kulificha.

"Andika siku ya maziko," nikasema.

Yule mama alipumua kwa nguvu. Aliandika kiapo changu vizuri kuliko nilivyosema, lakini hakuongeza lisilokuwepo. Tulikwenda pia hospitali kuomba nakala ya karatasi ya daktari. Waliipata kwenye faili siku hiyohiyo. Ilikuwa imekaa pale wakati wote.

Siku ya kusikilizwa tulikaa kwenye chumba kidogo chenye meza ndefu. Msuluhishi alikuwa mwanamke wa umri wangu. Upande wa pili alikaa bosi, karani, na kijana mwenye suti aliyewasemea. Kijana huyo alisimama akasema kwamba sheria imeweka siku thelathini ili watu wasilale juu ya mambo yao, na kwamba msiba ni siku tatu, nne, si arobaini na tatu.

Msuluhishi akanigeukia.

"Mama, barua ulikuwa nayo. Kwa nini hukuifungua?"

"Nilidhani ni rambirambi, mheshimiwa."

"Hata rambirambi hufunguliwa."

"Ndiyo. Ila nilikuwa nimeiweka kwenye sanduku la marehemu, na sanduku kwetu halifunguliwi kabla ya arobaini."

"Hukuweza kuomba lifunguliwe?"

"Ningeweza. Shangazi angenuna, lakini ningeweza. Niliogopa watu waseme nina haraka ya kurithi. Kosa ni langu. Mdogo wangu hakujua kilichomo."

Kijana mwenye suti alitabasamu, akaandika. Mimi mwenyewe nilisikia nilivyoliharibu shauri. Mdogo wangu alikuwa ametazama chini.

Msuluhishi akamwuliza karani kama ni kweli bahasha aliitoa msibani. Karani alisimama. Ni mtu mwembamba, wa makamo, nguo zake zimepigwa pasi.

"Ni kweli."

"Ulipewa lini barua hii uipeleke?"

Karani alimtazama bosi wake, akarudisha macho mezani.

"Wiki mbili kabla."

"Kwa hiyo ulikaa nayo wiki mbili?"

"Nilishindwa kwenda kwake, mheshimiwa. Karatasi ya daktari niliipokea mimi. Ilikuwa mezani kwangu. Niliona haya. Pale msibani nikaona nitampa bila kumtazama usoni."

Kijana mwenye suti aliacha kuandika.

Nilimtazama karani. Nilitarajia kumchukia. Niliona tu mtu mwingine aliyefungia barua kwa sababu ya haya.

Wiki mbili baadaye tuliitwa. Maombi ya kuongezewa muda yalikubaliwa, shauri likaingia. Msuluhishi alieleza sababu zake kwa lugha ya ofisi, lakini mwishoni aliweka karatasi chini akazungumza na bosi kwa Kiswahili cha kawaida.

"Mzee, mtu aliyeumia kazini kwako haachishwi kama mtu aliyelala nyumbani. Unakaa naye. Unamsikiliza. Unamtafutia kazi anayoiweza kwa mkono uliobaki. Ikishindikana kabisa, mnaachana kwa utaratibu, na sababu inaandikwa ilivyo. Na habari ya vidole vyenyewe ina ofisi yake ya fidia, ambako ilikupasa uitoe taarifa mapema. Hiyo nayo utaitoa wiki hii."

Bosi alikubali kwa kichwa. Halafu akamgeukia mdogo wangu, kwa sauti ileile ya machungwa hospitalini.

"Kijana, mimi nilikaa na ninyi mkekani. Unajua sina ubaya. Msumeno lazima uwe na mtu, na barua zina maneno yake. Rudi, ukae getini, uwe mlinzi."

"Shikamoo yako ninakupa, mzee," mdogo wangu alisema. "Mkekani ulikaa, hatujasahau. Getini sitakaa. Ninataka lile neno litoke."

"Neno gani?"

"Utoro."

"Ah, hilo ni neno la fomu tu."

"Kama ni la fomu tu, mzee, litoke."

Walikubaliana siku hiyo. Barua ya kwanza ilifutwa, malipo yakapangwa kama sheria inavyotaka, na akaandikiwa cheti cha utumishi. Kinasema alifanya kazi miaka tisa, akaumia mkono wa kulia akiwa kazini, na utumishi wake ukakoma kwa sababu ya jeraha hilo. Vidole havikurudi, na bati la msumeno sijui kama limerudi. Fomu za fidia bado tunazifuatilia, kila mara kuna karatasi moja iliyopungua. Lakini cheti kipo.

Sanduku la mama nilipewa mimi siku ile ya arobaini, kama mkubwa. Liko chumbani kwangu, halina kitu isipokuwa kitenge kimoja na kitabu cha nyimbo. Tulipotoka ofisini nilinyoosha mkono kwa mazoea ili nikipokee cheti.

Mdogo wangu alinitazama. Alikuwa karibu kutabasamu.

"Hapana, Dada," akasema. "Safari hii usinitunzie."

Akakikunja kwa mkono wa kushoto, polepole, mara mbili, akakitia kwenye mfuko wa shati. Akajaribu kufunga kifungo cha mfuko, kikamshinda, akajaribu tena. Nilisimama pembeni nikangoja. Sikumsaidia. Kilipofungika tukashika njia ya Itetemia kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma.